Unakaa kwa muda gani?

Wadau, nimekuwa kimya humu kwa wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, mmoja akauliza kama nimeoa. Yote mawili, hapana. Nilikuwa na mambo ya nyumbani, na ndiyo nitakayowasimulia leo. Ila itabidi nianzie mbali kidogo. Nianzie Soitsambu.

Najua wengi hamjafika. Soitsambu ni kata katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Loliondo ndiyo ile ile mnayoijua kwa kikombe cha Babu mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa Samunge (alifariki 2021), dozi shilingi 500. Nchi nzima ilibeba wagonjwa na wazee wake ikapanga foleni porini. Baada ya hapo tukaisahau Loliondo, mpaka zilipoanza tena habari za ardhi na vigingi mwezi Juni 2022. Hivyo ndivyo sisi waandishi tulivyo, tunafika penye moshi.

Mimi sikwenda kuandika habari. Nilikwenda kutafuta hela. Mnajua malipo ya vijana wa habari mjini, ukilipwa kwa stori moja moja huwezi hata kukopa mkaa. Rafiki yangu mmoja akaniambia kuna watu wanahitaji wadodosaji wa wiki tatu, posho nzuri, usafiri wao. Kazi: kuwauliza wazee wa miaka 60 na kuendelea (huo ndio umri wa uzee kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003) kuhusu wanavyoushughulisha mwili. Ilikuwa Julai mwaka juzi. Tulitoka Arusha alfajiri, tukapita Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, mlima Lengai ukiwa kushoto kwetu kama kichuguu cha majivu, tukapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kwa gia ya kwanza, hadi Wasso. Vumbi lilikuwa limetupaka rangi moja wote, mpaka dereva alipocheka ndipo tukamtambua kwa meno.

Sasa, dodoso. Lilikuwa limetengenezwa kwa kufuata lile la Shirika la Afya Duniani linaloitwa kwa kifupi GPAQ, lenye maswali 16. Linagawa maisha ya binadamu katika mafungu: kazi, kwenda na kurudi sehemu mbalimbali kwa miguu au baiskeli, na michezo au burudani. Mwishoni kuna swali la kukaa. Katika fungu la kazi na la michezo unaulizwa kama unafanya jambo linalokufanya uheme sana au moyo uende mbio, kwa dakika kumi mfululizo au zaidi. Ukisema ndiyo, unaulizwa siku ngapi kwa wiki, na muda gani kwa siku. Kisha hesabu. Dakika za shughuli nzito unazizidisha kwa nane, za wastani kwa nne. Jumla ikifika 600 kwa wiki umefaulu. Chini ya hapo, wewe ni mtu asiyeushughulisha mwili vya kutosha. Basi. Hakuna sindano, hakuna mashine, ni mdomo wa mtu na kalamu yako. Ndiyo maana inapendwa, ni rahisi na unaweza kuwafikia maelfu.

Mzee wa kwanza niliyemhoji alikuwa anakijua Kiswahili vizuri, amewahi kufanya kazi ya ulinzi Arusha. Nikaona mteremko. Nikamuuliza, "Mzee, kwa siku unatembea saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Nikaandika 11. Kalamu ilishafika kwenye swali linalofuata ndipo nikashtuka. Saa kumi na moja kwa siku? Mzee wa miaka sabini na kitu? Nikarudia, naye akanijibu kwa upole wa kumwelewesha mtoto: saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka, ndipo anapoanza kutembea. Nilimuuliza saa, akanijibu saa. Kosa lilikuwa langu, au la aliyeandika fomu mjini bila kuisoma kwa sauti. Hata leo najiuliza ni kumi na moja ngapi za namna hiyo zimelala kwenye kompyuta za watu, zikitoa wastani.

Swali la mwisho lilikuwa na kisa chake. "Kwa kawaida, kwa siku, unakaa kwa muda gani?" Jibu la mzee: "Hapa? Tangu nilipozaliwa. Baba yangu ndiye alihamia."

Mnacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nalipwa kwa idadi ya fomu.

Wakina mama wengi hawakuwa na Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo tulikuwa na kijana mwenyeji wa kutafsiri. Yeye ndiye alinifundisha kumwamkia bibi "Takwenya" na kungoja aitikie "Iko" kabla ya kufungua begi. Na bibi aitwe koko. Mimi kwao nilikuwa ormeki, mtu asiye Mmasai, neno ambalo kijana yule alinihakikishia siyo tusi, kisha akacheka kidogo kwa namna iliyonipa mashaka.

Koko ninayetaka kuwasimulia tulimkuta ameketi nje ya nyumba yake, miguu ameinyoosha, anatunga shanga. Umri wake hakuujua kwa miaka. Tulikadiria kwa rika la mume wake marehemu, Seuri, wale waliotahiriwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiwa Umasaini utajua mwaka wa mtu kwa jina la rika kuliko kwa cheti. Basi tukampa sabini na tano, akakubali kama mtu anayekubali bei.

Nikauliza kazi nzito. Kijana akatafsiri. Koko akatikisa kichwa. Hapana. Kazi ya wastani? Hapana. "Yeye ni mzee," kijana akatafsiri, "kazi wanafanya wake za wanawe." Kutembea dakika kumi mfululizo? Anatembea hapa hapa tu nyumbani. Mazoezi, michezo? Hapo koko aliuliza mazoezi ni nini. Kijana akajieleza kwa Kimaa, akaonyesha na mikono kama mtu anayekimbia mahali pamoja. Koko akamtazama muda mrefu, kisha akasema kitu, na watoto wote waliotuzunguka wakaangua kicheko. Kijana akanitafsiria: anauliza, huyo anayekimbia anakimbizwa na nini?

Nikapiga hesabu palepale. Sifuri. Siyo chini ya 600, sifuri kabisa. Nikamshukuru, nikafunga fomu.

Jioni, kama saa kumi na moja (nyie mnajua sasa ni ipi), tukiwa tunarudi kwenye gari, nilimwona anakuja kwenye njia ya kutoka bondeni. Mgongoni ana mzigo wa kuni mrefu kuliko yeye, mkanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso, shingo imesimama kama nguzo. Mkono mmoja ameshika mkanda na mwingine una kidumu cha lita tano. Alikuwa anapanda, njia ile mimi niliishuka asubuhi nikiwa nimeshika matawi. Nikamwambia kijana, hebu muulize, si alisema hafanyi kazi nzito? Akamuuliza. Koko hakusimama. Alijibu akiwa anapita.

"Anasema hiyo siyo kazi. Hizo ni kuni."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwendea kiongozi wetu, nikamwambia nataka kurekebisha fomu ya koko, nimemwona kwa macho yangu. Akakataa. "Andika alichosema, siyo ulichoona." Nilikasirika, nikamwona mtu wa makaratasi. Lakini nikiwa mkweli, alikuwa na hoja. Kama kila mdodosaji angesahihisha majibu kwa anachokiona, fomu isingekuwa inawapima wazee tena, ingekuwa inapima huruma ya wadodosaji, na mwingine angeongeza pale ambapo hakuna cha kuongeza. Tatizo halikuwa kwenye jibu. Fomu yenyewe ilikuwa imeandika kwamba kazi ni pamoja na shughuli za nyumbani zisizo na malipo. Ila maelezo hayo yalikuwa maandishi, na koko alikuwa anasikiliza neno moja tu, kazi.

Nilianza kusoma baada ya hapo. Mnanijua, nikishikwa na kitu nasoma mpaka bando linaisha.

Nikakuta kumbe mambo haya yana ukoo mrefu. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Madereva waliokaa siku nzima waliugua moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. (Makonda wetu wa daladala wanaoning'inia mlangoni nao wahesabiwe, jamani.) Pale hakukuwa na haja ya kumuuliza mtu anatembea kiasi gani, kazi yake ilishasema. Shida ilianza walipotaka kumpima mtu ambaye cheo chake hakisemi kitu. Mstaafu, bibi, mzee wa nyumbani.

Kwa wazee wakatengeneza madodoso yao. Moja maarufu ni la Marekani la mwaka 1993, PASE, la watu wa miaka 65 na zaidi, linaloulizia siku saba zilizopita. Lina mazuri yake, linauliza kazi za nyumbani, bustani, hata kumtunza mgonjwa. Lakini soma mifano yake ya michezo mniambie. Kwenye michezo ya wastani kuna tenisi ya wawili wawili, gofu bila kigari, kuteleza kwenye barafu, na uwindaji. Sasa fikiria niko Soitsambu, mguu mmoja kwenye mpaka wa Serengeti, na fomu inanituma nimuulize mzee wa Kimasai kama wiki iliyopita aliwinda. Angedhani nimetumwa na askari wa wanyamapori.

Na Wamasai wenyewe siyo wageni kwenye vipimo hivi. Katika miaka ya 1960 daktari wa Kimarekani, George Mann, alikuja huku kwetu na mashine ya kukimbilia, akawapandisha Wamasai juu yake. Alitaka kujua kwa nini watu wanaokula maziwa na nyama kiasi kile hawaugui moyo. Mwaka 2010 watafiti wengine waliwalinganisha Watanzania 985: Wamasai, Wabantu wa vijijini na wa mjini. Wamasai walikuwa wanatumia nguvu ya kalori 2,565 kwa siku juu ya zile ambazo mwili unazihitaji ukiwa umepumzika tu. Wa vijijini 1,500. Sisi wa mjini 891. Sasa chukua koko wangu mwenye sifuri umweke hapo uone anavyokaa vibaya.

Halafu kuna majirani, Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, upande wa Karatu na Mbulu. Hao hawakuulizwa tu, walivalishwa vifaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta wanaume wanatembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8. Mwaka 2017 vifaa vya kupima mapigo ya moyo vikaonyesha wastani wa dakika 135 kwa siku za shughuli ya kutosha kuupandisha moyo. Lakini lililonisimamisha ni la mwaka 2020: Wahadzabe hao hao wanapumzika karibu saa kumi kwa siku! Karibu sawa na watu wa ofisini. Ila hawakai kwenye kiti. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Dodoso lingewauliza "unakaa kwa muda gani" likaandika saa kumi, likawaweka kundi moja na mimi niliyezama kwenye sofa naangalia Ligi Kuu.

Hapo mtu atasema, basi tuwavalishe watu wote vifaa. Mwaka 2008 watafiti walipitia tafiti nyingi zilizolinganisha kauli za watu na vipimo vya moja kwa moja. Kama 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni kila mtu na lwake, wastani ulikuwa kama 0.37. Na upotofu hauendi upande mmoja, kuna wanaojiongezea na kuna wanaojipunguzia. Mwaka huo huo, Marekani, kifaa cha kiunoni kilionyesha kwamba chini ya asilimia 5 ya watu wazima wanafikia kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa, wakati kwa midomo yao karibu nusu walisema wanafikia. Lakini kifaa nacho kina upofu wake. Kinahesabu mtikisiko wa kiuno. Koko akiwa na kuni mgongoni anapanda polepole, kiuno hakitikisiki. Kitaona bibi anatembea taratibu, hakitaona mzigo.

Na nani wa kununua vifaa vya nchi nzima? Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 hapa kwetu uliwachukua watu wa miaka 25 hadi 64. Ukishapita 64, hata hilo dodoso lenye makosa hukuulizwa.

Ninachoamini mimi, na hii ni imani ya mwandishi siyo ya daktari, ni kwamba koko hakudanganya. Kwa heshima ya pale, bibi anayesema anafanya kazi anasema pia kwamba hana mtu. Kwamba wanawe wamemwacha, wakwe hawamjali. Mbele ya mgeni, mbele ya watoto, atasemaje? Alijibu swali lingine kabisa, swali la kama anatunzwa. Akajibu ndiyo, natunzwa.

Siku ya tatu tulirudi kwake kwa sababu ya sahihi iliyosahaulika (kidole gumba, kwa kweli). Nikaweka kalamu mfukoni, nikamwomba kijana amuulize tu: jana ulipoamka, ulianza na nini? Ikatoka siku nzima. Aliamka kukiwa giza, akakamua mbuzi, akaenda kumtafuta ndama aliyelala nje, akarudi, akakoroga kinyesi cha ng'ombe akaziba ukuta uliopasuka, akaenda mtoni, akalala kidogo mchana kwa sababu ya goti, akaenda kuni. Alipofika kwenye goti alisimulia kwa muda mrefu. Hakuna mahali pa kuandika goti kwenye fomu. Na akasema hiyo siyo wiki ya kawaida, wiki ya kawaida ni ipi? Wakati wa ukame wa 2021 na 2022 mto ulikuwa mbali zaidi. Masika yakija hatoki kabisa, tope.

Haya. Sasa nyumbani.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Morogoro. Ana sukari na presha. Miezi michache iliyopita nilimsindikiza kliniki moja, siitaji. Mhudumu alikuwa na foleni mpaka nje, hakuwa na kosa. Akauliza harakaharaka huku anaandika: "Mzee, mazoezi unafanya?" Baba akajinyoosha kwenye kiti. "Nafanya. Natembea nusu saa, mara tano kwa wiki." Mhudumu akafurahi, akaandika. Mimi nikakokotoa kichwani kwa mazoea: dakika 150, mara nne, 600. Amefaulu pale pale kwenye mstari. Na hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Nani anafaulu pale pale kwenye mstari? Anayejua mtihani. Dakika 150 zimebandikwa ukutani pale kliniki, na baba amesahihisha mitihani miaka 34.

Mkienda nyuma mtaona nilishakuwa na majibu yote ya kisomi. Nilijua watu wanajiongezea. Nilijua kifaa kina upofu wake. Pamoja na hayo nilifanya jambo la kijinga. Nilinunua Kariakoo saa ya mkononi inayohesabu hatua, ile ya bei poa, nikampelekea baba. Nikamwambia inapima mapigo ya moyo. Siyo uongo, inapima. Ila sikumwambia kwamba inahesabu hatua na kunitumia kwenye simu.

Baada ya wiki, wastani ulikuwa hatua 1,900 kwa siku. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee, umri wa wastani miaka 72, uliokuta kwamba wanaofikia kama hatua 4,400 kwa siku wanakufa kidogo kuliko wenye 2,700, na faida inaendelea hadi kama 7,500, halafu inatulia. (Zile 10,000 mnazozitaja kila siku zilianzia kwenye jina la kifaa cha Kijapani cha mwaka 1965, tangazo la biashara.) Baba hakufika hata kwenye hao wa 2,700.

Nilikwenda Morogoro Jumamosi nikiwa na namba zangu. Nikamsalimia, shikamoo baba, marahaba, nikakaa, nikatoa simu nikamwonyesha grafu. Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea anishukuru.

Baba alivaa miwani, akaiangalia ile grafu taratibu, fito kwa fito, kama daftari la mwanafunzi. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo ulikuwa unanipeleleza."

Nikaanza kujieleza. Akaniinulia mkono. "Ungeniuliza." Nikamwambia, baba, uliulizwa kliniki ukasema nusu saa mara tano. Akasimama, akaingia chumbani. Wadau, sijawahi kumwona baba yangu akiingia chumbani saa nane mchana. Chakula cha jioni tulikula wawili, mimi na mama, na mama hakuniuliza kitu, jambo ambalo kwa mama yangu ni hukumu.

Jumapili alinisalimia kama mgeni. Jioni ile, umeme ulikuwa umekatika, tumekaa barazani, nikakumbuka koko. Sikumuuliza habari za hatua. Nilimuuliza, "Baba, jana kabla sijafika, ulipoamka ulianza na nini?"

Kimya. Nikadhani hatajibu. Kisha akaanza. Aliamka, akasali, akanywa chai bila sukari, anavyoilaumu chai hiyo. Akavaa viatu vya kutembelea. Akatoka hadi getini.

"Halafu?"

"Halafu nikarudi."

Ikatoka yote gizani mle. Mwezi wa nne, mvua zile, akiwa anatoka sokoni, alianguka kwenye mtaro usio na mfuniko. Kijana wa bodaboda ndiye alimwinua, akamfuta tope, akamleta mpaka nyumbani. Baba alimpa elfu mbili na kumwomba asimwambie mtu. Mama alipoona suruali, aliambiwa amerukiwa na maji ya gari. Tangu siku hiyo kila asubuhi anavaa viatu, anakwenda mpaka getini, anasimama, anaangalia barabara. Wapita njia wanamwamkia, mwalimu shikamoo, anaitikia. Anasimama kama nusu saa. Kisha anarudi ndani.

"Mara tano kwa wiki," akasema. "Natoka kweli. Jumamosi na Jumapili sitoki."

Niliona aibu ambayo sijui niiandikeje. Woga wa kuanguka nao una dodoso lake, kwa taarifa yenu. Mary Tinetti na wenzake walilitengeneza mwaka 1990, maswali kumi, unajiamini kiasi gani kuoga bila kuanguka, kuvaa nguo, kutembea ndani. Sikulijua mpaka usiku huo nilipolitafuta kwenye simu yenye asilimia 9 ya chaji. Kliniki haikumuuliza baba hilo, na mimi mwenye wiki tatu za posho ya kuuliza wazee sikumuuliza pia. Niliona 1,900 nikaona uvivu.

Wiki zilizofuata ndizo hizi mlizoniona kimya. Goti lilipigwa picha, lina shida, anapata mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki na bili ninalipa kwa vipande. Mtaro bado uko wazi. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili, ameahidi mara mbili.

Mkongojo wa dukani aliukataa, ule wa chuma wenye mpira chini. Alisema huo ni wa hospitali. Lakini ukutani sebuleni kwetu kulikuwa na fimbo niliyoinunua mnadani Wasso, ya mzee, nyeusi, imenyooka vizuri. Nilimletea zawadi, mama akaitundika kama pambo kando ya picha ya harusi yao. Jumatatu iliyopita baba aliitungua mwenyewe, akaifuta vumbi, akatoka nayo. Nilikuwa dirishani. Akafika getini, akasimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia kama mtu anayevuka barabara ya Msamvu. Akatoka.

Alifika dukani kwa Mpemba na kurudi, na mkononi ana gazeti. Jasho linamtoka. Sikumuuliza kitu.

Akavua ile saa, akanipa. "Chukua saa yako," akasema. "Inakwenda mbele dakika nne."